Muulize Fundi: Dishi la kambini, tununue lipi?

Mbukwa Fundi, na shikamoo.

Mimi ni msimamizi wa kikosi cha kuchimba visima vya maji. Ofisi iko Dodoma mjini, lakini sisi mjini tunapita tu, maisha yetu ni porini. Kwa sasa tuko Chemba, tukimaliza tunaingia Kondoa, kisha Manyoni na Itigi. Tunalala kwenye tela lenye vitanda sita na jiko dogo, linavutwa na lori. Mtambo wa kuchimbia una lori lake, na tuna pikapu moja ya kwenda sokoni na kuchota maji. Ndiyo, wachimba visima nasi tunachota maji.

Shida yangu ni televisheni. Usicheke. Mjini ni starehe, kambini ni amani ya watu. Vijana wakishaoga na kula, saa moja na nusu usiku hawana la kufanya. Siku ya mechi wanapanda pikipiki kwenda kibanda umiza cha kijiji cha jirani, wakati mwingine mwendo mrefu kwenye mchanga, na kurudi ni usiku wa manane. Juzi juzi mmoja aliteleza akirudi, akavunjika mtulinga. Bosi akasema basi, inunuliwe TV ikae kambini, kampuni inalipa. Ila inalipa mara moja. Tukikosea tusirudi kuomba.

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Shemeji yangu anaishi Texas, Marekani. Anasema kule watu wana magari ya kulala wanayozunguka nayo, na wana chombo kama kuba jeupe. Unaliweka chini au juu ya gari, unabonyeza, lenyewe linazunguka mpaka linapata setilaiti, hugusi kitu. Anakuja mwisho wa mwaka na yuko tayari kuniletea lililotumika kwa bei ya undugu. Nimeona video zake, nimependa kweli.

Fundi mmoja wa mjini anasema niachane na hayo. Atanifungia dishi juu ya paa la tela, alichomelee kwa nondo, "hutaligusa tena". Vijana wawili wanasema tusisumbuke, tutazame kwenye simu kwa bando.

King'amuzi nacho ni ugomvi. Nusu wanataka Azam kwa sababu ya Simba na Yanga, nusu wanataka DStv kwa sababu ya ligi za Ulaya. Mama mpishi amesema tamthilia zake za Kituruki zisiguswe, na kwa kuwa ndiye anayetulisha hakuna anayembishia.

Mwisho ni umeme. Tuna jenereta ya kuchomelea, lakini bosi hataki iungurume usiku kwa ajili ya TV. Lori lina betri mbili. Dereva anasema tuvute waya kwenye betri moja, ni volti 12, tuweke inveta, kazi imekwisha bila gharama. Ni sawa?

Nielekeze kama mtu ambaye hajawahi kushika hata spana ya dishi.

Msimamizi wa Kambi, Chemba

JIBU

Marahaba msimamizi, mbukwa. Mpe pole kijana wa mtulinga.

Nianze na shemeji, kwa sababu hapo jibu ni fupi: asilete. Chombo chenyewe ni kizuri, kwa kwao. Makuba yale ya kina Winegard na KING yameundwa kutafuta setilaiti za kampuni za Marekani, DISH na DIRECTV. Setilaiti za DISH, kwa mfano, zimekaa juu ya ikweta kwenye longitudo za magharibi, kama nyuzi 110 na 119. Mtu wa Texas anazitazama upande wa kusini na kusini-magharibi. Wewe ukiwa Chemba, ziko upande wa pili wa dunia, chini ya upeo wa macho, na hakuna dishi litakaloziona, liwe la kuzungusha kwa mkono au la kujitafutia. Programu iliyo ndani ya kuba inazijua hizo tu. Utalibonyeza, litazunguka na kuzunguka, litakuambia halijapata, litalala. Tena LNB yake, yaani kile kipokezi kinachokaa mbele ya dishi, imetengenezwa kwa mawimbi yanayojizungusha, wakati mawimbi ya ving'amuzi vyetu yamenyooka, ya wima na ya mlalo. Kama shemeji ana moyo wa kuleta kitu, mwombe koleo zuri la kubania vichwa vya kebo pamoja na vichwa vyake vya kukaza. Hilo litakufaa miaka.

Sasa twende kwenye jambo ambalo watu wengi hulifikiria mwisho, nami ningekuomba ulifikirie kwanza. Kabla ya kuchagua dishi, chagua anga. Setilaiti za televisheni zimesimama kilomita 35,786 juu ya ikweta, kila moja mahali pake, na kila king'amuzi kina ya kwake. Azam wako kwenye Eutelsat 7C, longitudo ya nyuzi 7 mashariki. DStv kwa upande wetu huu wa Afrika Mashariki wako nyuzi 36 mashariki. Dodoma yenyewe iko karibu sana na nyuzi 36 mashariki. Maana yake ni kwamba setilaiti ya DStv iko karibu utosini kwako: ukisimama Dodoma mwinuko wake ni kama nyuzi 83, imeinamia kaskazini kidogo tu. Ya Azam iko upande wa magharibi, mwinuko nyuzi 56 hivi.

Namba hizo mbili zinaamua kambi itapangwaje. Kwa DStv kilima hakikusumbui, mti wa jirani haukusumbui, alimradi usiwe chini ya matawi yake. Kwa Azam lazima magharibi kuwe wazi. Si wazi mpaka upeo wa macho, wala usiogope. Kanuni ya kichwani: dishi likae mbali na mti ulioko magharibi kwa zaidi ya theluthi mbili za urefu wa mti huo. Mgunga wa mita 12, weka dishi mita 9 kutoka matawi yake na umemaliza. Vilima vya Kondoa havitakuzuia labda ujibanze kwenye kuta za korongo. Vichaka vya Itigi vinazuia mtu kupita, lakini kimo chake ni kifupi, dishi linatazama juu yake bila shida.

Kwa hiyo kwa upande wa anga, DStv ndiyo rahisi. Hata hivyo, kwa kambi yako ningenunua Azam. Ligi Kuu ya Tanzania Bara iko kwao, na tamthilia za Kituruki zenye sauti za Kiswahili wamekuwa wakizionyesha, kwa hiyo mama mpishi ametulia nawe utakula. Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa Ulaya kwa saa zetu huanza saa nne au saa tano usiku kutegemea majira yao, zinaisha saa sita au saa saba. Wewe una watu wanaoshika mabomba ya chuma saa kumi na mbili asubuhi chini ya mtambo unaozunguka. Sioni kwa nini ulipie zaidi ili wafike kazini na usingizi.

Usijaribiwe kuweka vyote viwili kwenye dishi moja. Setilaiti zilizo karibu, nyuzi chache tu, zinaweza kushirikiana dishi kwa LNB mbili. Nyuzi 7 na nyuzi 36 zimeachana mno. Hayo ni madishi mawili, stendi mbili na kebo mbili.

Tuje kwa fundi wa paa. Sipendi kumharibia mwenzangu kazi, lakini akukatalie mwenyewe baada ya kumuuliza swali moja: mchana wa Oktoba tela litaegeshwa wapi? Mnajua jua la kwetu. Tela la bati likiachwa kweupe, saa nane mchana hakulaliki wala hakupikiki. Utaliegesha chini ya mkwaju, kama kila mwenye akili, na dishi la kwenye paa litakuwa limefunikwa na matawi. Utachagua kati ya kivuli na mechi kila mnapohama. Ongeza mitikisiko ya barabara za changarawe, ambayo hulegeza kila nati, na matawi ya njiani yatakayokunja mkono wa LNB. Na kila mkiegesha, tela litaelekea upande wake, kwa hiyo lile "hutaligusa tena" halipo. Utapanda ngazi kila kambi mpya kulizungusha.

Dishi lako likae chini, kwenye stendi ya miguu mitatu, mbali na tela. Tela livulini, dishi kweupe, kati yao kebo. Ndiyo siri yote ya televisheni ya kuhamahama, na ndiyo sababu wenzetu wa magari ya kulala huko nje nao wengi hubeba dishi la kuweka chini.

Ukubwa: chukua la sentimita 80 au 90. Utaambiwa la 60 ni jepesi kubeba na rahisi kulenga, na ni kweli. Dishi la 80 jicho lake ni jembamba, upana kama nyuzi 2, ukikosea kidogo umeikosa setilaiti. La 60 linasamehe kidogo. Lakini mvua zetu kati ya Desemba na Aprili huja kwa hasira, na mawimbi haya ya gigahezi 11 na 12 humezwa na matone makubwa. Dishi kubwa lina akiba ya kuvumilia manyunyu. Mvua kubwa kabisa itakata picha kwa dishi lolote, kwa dakika chache. Ikikata, kaeni. Kila msimu naitwa na watu walioacha kungoja, wakatoka na mwavuli wakaanza kuzungusha dishi ambalo halikuwa na kosa.

Stendi usiidharau. Iwe ya chuma, miguu mipana, bomba la katikati lisilocheza. Upepo wa kiangazi mnaujua, na Singida ni zaidi. Funga kamba katikati ya stendi, ning'iniza dumu la lita 20 lililojaa mchanga. Maji ni kilo 20, mchanga unazidi hapo, na mchanga hamtaukosa. Jeki ndogo au vipande vya mbao viwe karibu kwa kusawazisha miguu, kwa sababu bomba lisiposimama wima, kila kipimo nitakachokupa hapa chini ni uongo.

Sasa kulenga. Fanya mchana, ukiwa na mtu mmoja ndani anayetazama TV, na ikiwezekana toa TV yenyewe nje uione kwa macho yako.

Weka pima maji kwenye bomba la stendi, pande mbili, mpaka lisimame wima. Hapo ndipo penye nusu ya kazi. Kisha fungua nati za kibano cha nyuma ya dishi na uweke mshale kwenye 56. Usibishane na macho yako: madishi yetu LNB imekaa chini, si katikati, kwa hiyo uso wa dishi huonekana umetazama chini kuliko linakoangalia kwa kweli. Amini namba za kibano. Kaza nati hizo kiasi.

Chukua dira ya simu, ondoka hatua kadhaa kutoka kwenye lori maana chuma huidanganya. Tafuta magharibi kamili. Nyoosha mkono huko, kunja ngumi: upana wa ngumi kwenye mkono ulionyooka ni kama nyuzi 10. Sogea ngumi moja kulia, yaani kuelekea kaskazini. Hapo ndipo ilipo, kwenye 281 ya dira. Kwetu tofauti ya dira na kaskazini ya kweli ni ndogo, haina haja ya kukokotoa.

Fungua king'amuzi kwenye ukurasa wa signali. Utaona mistari miwili: nguvu na ubora. Nguvu itapanda hata dishi likitazama ukuta, kwa sababu LNB tu ikipata umeme mstari huo huamka. Wewe tazama ubora. Zungusha dishi zima kwenye bomba, upana wa kucha, kisha ngoja. King'amuzi cha kidijitali kinahitaji sekunde kadhaa kutambua kilichopata. Ukizungusha kama usukani unaipita setilaiti kabla hakijasema kitu. Sogeza, hesabu mpaka tano, sogeza. Ukimaliza upande mmoja hujapata, panda nyuzi moja, rudi.

Ukipata ubora mzuri lakini chaneli hazifunguki, huenda umeshika jirani. SES-5 iko nyuzi 5 mashariki, na ukiwa kwetu inaonekana karibu pale pale, chini kwa nyuzi 2 na kidogo. Inua dishi kidogo.

Ubora ukishatokea, fanya mambo mawili ya mwisho. Moja, sukuma dishi kwa kidole kimoja, kushoto, kulia, juu, chini, bila kulegeza kitu. Ukisukuma na ubora ukapanda, bado hujafika kileleni. Sogeza huko ukaze. Mbili, legeza LNB na uizungushe taratibu kwenye kishikio chake. Kwa setilaiti iliyo mbali magharibi namna hii LNB huwa imegeuka sana, si kidogo, na wengi huiacha ilivyotoka dukani halafu wanalalamika kwamba chaneli nusu hazipo. Ukipata mahali pazuri, kaza na upige alama kwa rangi ya kucha au peni isiyofutika, kwenye LNB na kwenye kibano.

Alama hizo ndizo zitakazokupunguzia kazi. Kutoka Dodoma hadi Singida au Itigi, mwinuko unaongezeka kwa nyuzi moja na nusu tu. Kwa hiyo mkihama kwa karibu usiguse kibano, na mkifika huko mbali kipandishe hiyo nyuzi moja na nusu tu. Chomoa dishi kwenye bomba likiwa limefungwa vile vile, lisafirishe ndani ya tela limezungushiwa blanketi, na kambi mpya kazi yako ni kusimamisha stendi wima na kuzungusha kushoto na kulia. Kijana aliyezoea hahitaji hata simu.

Kebo: nunua ya RG6 yenye waya wa shaba katikati, mita 25 au 30, kipande kimoja kisicho na viungo. Kumbuka kebo hiyo haileti picha tu. King'amuzi kinapeleka umeme kwa LNB kupitia humo humo, volti 13 kwa mawimbi ya wima na 18 kwa ya mlalo. Kebo mbovu au kichwa kilichoingia maji huipunguza ile 18, chaneli za mlalo zinapotea na za wima zinabaki, na mtu anadhani dishi limesogea. Kichwa cha upande wa LNB kivishwe mpira au kifungwe kwa utepe wa kuzuia maji. Na kebo ipite mahali ambapo lori halipiti.

Umeme ndipo ningeweka pesa nyingi kuliko penginepo pote, kwa hiyo nisikilize hapa kuliko kwenye dishi.

Mwambie dereva hapana. Lori lenu ni la volti 24, betri mbili za 12 zimeunganishwa mfululizo. Ukivuta TV kwenye betri moja, hiyo inashuka na mwenzake anabaki amejaa. Asubuhi oltaneta inazichaji zote kama kitu kimoja: iliyojaa inachemshwa, iliyoshuka haishibi. Baada ya muda mfupi zote mbili ni za kununua upya. Kabla ya hapo kutakuwa na asubuhi ambayo lori haliwaki, mko Itigi, na mtu wa kuwasukuma hayupo. Ukilazimika kabisa kutumia umeme wa lori, nunua kipunguza volti cha kutoka 24 hadi 12 kinachobeba mzigo wako, na mtazame mpira injini ikiwa inafanya kazi.

Kilicho bora ni betri ya sola inayojitegemea, isiyohusiana na kuwasha gari lolote. Fanya hesabu nami. TV ya inchi 24 hula wati 30 hivi, king'amuzi wati 15 au pungufu. Tuseme 45. Saa nne kila usiku ni wati-saa 180. Betri ya volti 12, Ah 100 (yaani ampea-saa 100), ina wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi usiishushe chini ya nusu ukitaka idumu, kwa hiyo una 600. Hizo ni siku tatu za kutazama hata kama jua halikutoka. Paneli ya wati 150 kwa jua la Dodoma itairudisha kabla ya saa za mchana kwisha. Weka kidhibiti chaji katikati; kuunganisha paneli moja kwa moja kwenye betri ni kuichemsha.

TV chagua kwa kusoma kijibandiko cha nyuma au cha adapta yake. Ukikuta "12V" unaweza kuiwasha moja kwa moja kwenye betri bila inveta, na ving'amuzi vingi navyo adapta zake ni za volti 12. Inveta hula sehemu ya umeme kwa kukaa tu imewashwa. Tahadhari moja: betri inapochajiwa hufika volti 14 na zaidi, kwa hiyo pitisha umeme kwenye kidhibiti kinachotoa 12 kamili, ni kifaa kidogo. TV za inchi 43 ambazo bila shaka mtu ameshakutajia ziache mjini. Watu sita ndani ya tela hawahitaji ukuta wa picha, na kioo kikubwa barabara ya Kondoa ya ndani kitapasuka kabla ya betri kuchoka.

Jenereta ya kuchomelea usiiunganishe na king'amuzi hata bosi akibadili mawazo. Umeme wake unapanda na kushuka mtu anapogusa chuma, na vifaa vidogo havivumilii.

Hoja ya simu na bando si ya kijinga, ila piga hesabu: saa moja ya video ya ubora wa kawaida inaweza kula karibu GB 1, zidisha kwa vijana wote na kwa siku zote za ligi. Halafu visima huchimbwa mahali ambapo mara nyingi hata kupiga simu ni mpaka upande kichuguu. Bando liwe la kujua matokeo.

Kuhusu kulipia kifurushi, washa king'amuzi kwanza, hakikisha mstari wa ubora umepanda, ndipo ulipie kwa simu. Ruhusa ya kufungua chaneli hushuka kwa njia ya setilaiti. Ukilipa mkiwa njiani na king'amuzi kimezimwa, mtafika kambini mkute kimefungwa na pesa imetoka. Na kwa kuwa siku za kifurushi zinahesabika hata dishi likiwa limelala kwenye blanketi, usilipie mwezi mzima kabla ya juma la kuhama.

Jioni za kwanza utashangaa kambi imejaa. Wanakijiji watakuja, na mtu atashauri mtoze mia mbili mia mbili za mafuta ya pikapu. Usikubali. Kifurushi cha nyumbani ni cha nyumbani. Kutoza watu kutazama ni biashara yenye masharti yake, na jina kwenye akaunti ni la kampuni. Geuzeni TV itazame mlangoni, watu wakae nje kwenye mchanga, bure. Kesho yake hao ndio watakaokuonyesha njia ya kupitisha lori korongoni.

Mawingu ya radi yakionekana, chomoa kebo nyuma ya king'amuzi na uiweke mbali na TV, usisubiri mvua ianze. Na kama kuna kijana atakayependekeza dishi lifungwe kwenye mlingoti wa mtambo kwa sababu ndio mrefu, mnyang'anye spana. Urefu hauongezi kitu kwa setilaiti iliyo kilomita elfu thelathini na kitu juu. Mlingoti utaongeza mtikisiko mchana na radi usiku.

Saa ya kuzima ipangeni kabla ya TV kufika, na iandikwe. Ningesema saa nne, isipokuwa Simba na Yanga. Rimoti akae nayo mama mpishi.